Mama Hakulia, na Mimi Nilijua kwa Nini

Nina miaka arobaini na minne. Sina mume, sina mtoto, na tangu miezi michache iliyopita sina kazi. Nilikuwa matroni wa bweni la wasichana katika shule moja ya masista, huko kwenye vilima vya Kasulu. Jina langu nimeomba lisiandikwe. Siogopi kuchekwa, ndugu zangu, maana nimekwisha kuchekwa hadi sokoni. Naogopa wale watoto wawili wasije wakakutana nalo siku moja, wakati wameanza kunisahau.

Kisa changu ni cha aibu. Ningeweza kukipaka sukari, lakini uongo ndio ulionifikisha hapa, na nimeuchoka!

Shule ile ni ya zamani sana. Ilijengwa na mapadri wa Kizungu kwa matofali ya kuchoma, ikazungushiwa mikaratusi, kwa ajili ya watoto wa Kiha. Bibi zetu walitusimulia jinsi watoto walivyokusanywa vijijini, wakanyolewa, wakapewa majina ya watakatifu na kufungiwa ndani ya uzio mpaka likizo. Wazungu waliondoka, wakaja masista Waafrika wenye roho nzuri tu, lakini desturi za nyumba hazikuondoka na wenye nyumba. Mimi mwenyewe nililetwa pale na baba nikiwa na miaka saba, kutoka kijiji cha upande wa Kibondo, nikiwa sijui Kiswahili hata cha kuombea maji.

Hapo ndipo nilipokutana na kibao.

Kilikuwa kipande cha mti chenye tundu, kimepitishwa kamba ya katani. Ukisikika unasema Kiha, unavalishwa shingoni. Ili kikutoke, unamvizia mwenzako ateleze ulimi, unamchongea, kinahamia kwake. Atakayekutwa nacho jioni anakula amesimama katikati ya bwalo, wenzake wote wamekaa wanamtazama. Ee, nilikula nimesimama mimi! Nilikula nimesimama mpaka nikawa naota kwa Kiswahili.

Nilipokua, ndoa yangu ilivunjika kwa sababu sikuzaa. Mume wangu alioa mwingine, na mama mkwe akanifungia mzigo wangu kwa mikono yake, tena akaukaza vizuri. Nilirudi kwa masista kuomba kazi. Walinipokea kwa furaha, maana wao walitoka mikoa ya mbali na hawakujua Kiha. Walihitaji mtu wa kulala na watoto na kusikia wanachonong'ona. Wakanikabidhi funguo za bweni, na pamoja na funguo wakanikabidhi kibao. Kilikuwa kile kile! Kamba ilikuwa mpya, lakini mti ulikuwa ule ule, mweusi kwa jasho la shingo za watoto, na langu likiwamo.

Je, nilikitupa? Nilikiona dhambi? Hapana. Nilikitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wangu. Mwacha asili ni mtumwa, wanasema wahenga. Mimi nilikuwa mtumwa mwenye mshahara.

Mwaka 2012 kambi moja ya wakimbizi huku kwetu Kasulu ilikuwa inafungwa, na Warundi walikuwa wanarudishwa kwao. Siku zile kila mtu alikuwa na mzigo kichwani. Ndipo akaja getini mwanamke mmoja mrefu, mkimya, ameshika watoto wawili wa kike. Walikuwa mapacha, wa miaka sita hivi, wanafanana kama maharage ya ganda moja, wamevaa magauni ya kitenge kimoja, cha rangi ya udongo chenye maua ya njano.

Mama huyo tulimwita Mama Bukuru. Kwetu, kama ilivyo kwa Warundi, pacha wa kwanza kutoka ni Bukuru na wa pili ni Butoyi. Hakuna kubishana, majina yanakuja nao.

Mama Bukuru alizungumza Kirundi, ambacho na Kiha ni kama mtu na ndugu yake. Kiswahili chake kilikuwa cha kuulizia chumvi. Mimi ndiye niliyemtafsiria kwa Sista Mkuu wa wakati ule, mama mmoja mzee. Alisema Butoyi ana kifua kibaya na huko waendako hajui hata kama kuna paa. Aliomba mgonjwa abaki karibu na dawa na asome. Akishajenga atarudi kumchukua. Nafasi ilikuwa moja, ikapatikana.

Kabla hajaondoka alinishika mikono yote miwili. Aliniambia, "Wewe ni wa kwetu, unajua. Kila utakachompa huyu, mwache ataje na cha mwenzake. Asimsahau, na mwenzake asimsahau."

Nilijua, ndiyo. Kwetu mapacha hawagawanywi. Ukimpa mmoja yai, unampa na mwingine. Ukimshonea mmoja, unamshonea na wa pili. Na kama wa pili hayupo, unataja jina lake kwa sauti, ili asije akaona amesahauliwa akaugua. Nilimwahidi.

Butoyi akaandikwa kwa jina lake la ubatizo, Agnesi, maana majina ya Kiha shuleni pale hayakuitwa. Siku hiyo hiyo jioni, bwaloni, alipopewa sahani yake ya ugali wa muhogo na maharage, aliinua uso akasema kwa lugha ya kwao, kwa sauti nzuri kabisa, "Na cha Bukuru."

Wasichana wote walinigeukia. Walitaka kuona kama matroni atafanya kazi yake.

Nikafanya! Nilikwenda chumbani, nikatoa kibao kwenye msumari, nikamvalisha. Akala amesimama, na kabla ya kila tonge anasogeza midomo, "Na cha Bukuru." Alisema asubuhi kwenye uji. Alisema kwenye sabuni, kwenye kalamu. Akivalishwa kibao chenyewe alisema pia, "Na cha Bukuru." Alidhani ni zawadi!

Ndugu msomaji, nicheke au nilie? Wakati ule nilicheka, na nilikwenda kuwasimulia masista, nao wakacheka.

Ilichukua majuma kadhaa. Kwanza aliacha kusema kwa sauti. Halafu midomo ikaacha kusogea. Siku nilipoona anakula kimya, amekaa kama wenzake, nilijisifu kwamba mtoto amestaarabika.

Kifua chake kilimsumbua sana wakati wa ukungu, na Kasulu si mchezo kwa baridi. Nikaanza kumlaza chumbani kwangu. Nilimpaka mafuta, nilimkanda, nilimchemshia majani ya mkaratusi. Likizo zilipofika wenzake walichukuliwa na wazazi, sisi wawili tulibaki na bweni zima. Tulichoma mahindi. Nilimfundisha kushona vifungo. Asubuhi moja aliamka, akaniona nakunja shuka, akaniambia kwa Kiswahili safi, "Shikamoo, mama."

Mama! Mimi niliyeitwa gumba na ukoo mzima, mimi ambaye mawifi waliniimbia kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi... nimeitwa mama! Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko la shule. Nawaambia ukweli, tangu siku ile sikuwa na akili timamu kuhusu mtoto yule.

Mwaka uliofuata Sista Mkuu mzee alihamishwa. Akaja mwingine, mtu wa upande wa Moshi, mwepesi, mkali kwa taratibu. Aliyakuta maneno ya watu wanaopita shuleni wakijifanya ndugu wa watoto ili wawapeleke mijini kufanya kazi za ndani. Akasema mtoto hatoki bila karatasi ya ofisi.

Basi siku moja ya Alhamisi, watoto wako darasani, mlinzi akaniita. Kuna mgeni ofisini kwa Sista na hawaelewani.

Nilimtambua kabla sijafika mlangoni. Alikuwa Mama Bukuru, amekonda, miguu imejaa vumbi jekundu. Alikuwa amevuka mpaka kwa Mabamba na kutembea sehemu kubwa ya njia. Mkononi alikuwa na furushi dogo. Aliponiona alisimama, akapiga makofi ya heshima, uso wake ukachanua kama wa mtu aliyeona nduguye. Akaniuliza kwa lugha yetu, "Umwana wanje ari hehe?" Mwanangu yuko wapi?

Alisema amepata kiwanja kwao. Amejenga. Nyumba ndogo, lakini ina paa. Bukuru anamwulizia mwenzake kila siku. Alifungua furushi akanionyesha gauni jipya la kitenge, akasema la pili amelivaa Bukuru huko nyumbani.

Sista akaniuliza, "Anasemaje, matroni?"

Hapo, wasomaji wangu... hapo ndipo pangekuwa mwisho wa hadithi, na ingekuwa hadithi nzuri. Nilitakiwa kusema sentensi moja tu. "Sista, huyu ni mama yake Agnesi, namfahamu, nilikuwapo alipomleta."

Nikasema, "Anadai ni mama yake Agnesi. Lakini hana karatasi, Sista, na mimi sura yake siikumbuki."

Ulimi hauna mfupa, nao! Uliteleza kama haukuwa wangu.

Sista akasema nimweleze mgeni kwamba bila barua ya ofisi mtoto hatapewa, na barua ikija mtoto ataitwa aulizwe mwenyewe. Hilo lilikuwa neno la haki. Lakini niliona mbali. Huyu mama alikuwa ametembea kutoka Burundi, angeshindwa kutembea mpaka ofisi ya wilaya? Angerudi na barua. Butoyi angeitwa. Butoyi angemwona...

Nikamgeukia. Nikamwambia kwa lugha ya mama yangu, lugha niliyokuwa nawaadhibu watoto kwa kuisema, "Yarapfuye." Amekufa. Nikaongeza kwamba ni kifua, kipindi cha ukungu, na kwamba tulimzika vizuri.

Mungu wangu, nisamehe!

Mama Bukuru hakupiga yowe. Hakushika kichwa. Alishika ukingo wa meza ya Sista, akaufinya mpaka kucha zikawa nyeupe, na macho yake yakabaki makavu, yanatazama ukutani. Koo lake lilipanda na kushuka, kama mtu anayemeza kitu kikubwa. Kisha akatulia.

Sista alikuwa ameanza kuinuka. Baadaye aliniambia kwamba moyo ulimgusa, akataka amtume mlinzi amlete mtoto, ili wamalize ubishi pale pale. Alimtazama yule mama usoni. Halafu akakaa tena.

"Mama aliyeambiwa hapewi mtoto wake," Sista aliniambia taratibu, "angelia mpaka shule nzima isikie. Huyu hata chozi hana. Mtoe nje, matroni. Kwa adabu."

Na mimi nilijua kwa nini halii! Ofisini mle nilikuwa mtu pekee aliyejua. Kwetu pacha akifa haliliwi. Ukimlilia, anasikia anapendwa, anamwita mwenzake amfuate. Mama wa mapacha hufunga mdomo, humeza machozi yake yote, kwa ajili ya yule aliyebaki. Mama yule alikuwa anamwokoa Bukuru, pale pale, mbele ya macho yetu. Sista akaona mwizi wa watoto.

Nilinyamaza. Neno moja lingetosha. Nilinyamaza.

Nje, aliniomba aone kaburi. Nilimpeleka nyuma ya kanisa, penye makaburi ya zamani ya misheni. Kulikuwa na kaburi dogo lisilo na jina, la mtoto wa miaka mingi nyuma. Nikamwonyesha. Alipiga magoti, akang'oa magugu kwa vidole. Akalitandaza lile gauni jipya juu ya udongo, akalibana kwa mawe pande zote. Akasema kwa sauti ya chini, "Kaa vizuri, Butoyi. La mwenzako analo. Usimwite."

Kisha akainuka akanishukuru! Alinishika mikono kama mwanzo, akasema Mungu anilipe kwa kumtunza mwanawe hadi mwisho. Kutoka darasani zilisikika sauti za watoto wanaimba jedwali la kuzidisha, na sauti ya Butoyi ilikuwa humo ndani... Mama yake alisimama kidogo akasikiliza. Akasema watoto wanaimba vizuri. Akaenda zake.

Jioni nililitoa gauni lile kaburini nikalificha chini ya sanduku langu.

Mnasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, tena ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Nilifurahi! Agnesi wangu alikuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili. Aliimba kwaya. Wageni walipokuja kutoka jimboni, Sista alimwita awasalimie. Mgeni mmoja alimtania kwa salamu ya Kiha cha kujifunza, "Mwakeye?" Mtoto akamkodolea macho, akageuka kunitazama. "Mama, anasemaje?"

Wageni wakapiga makofi. Mimi nilikaza mgongo kwa fahari kama kuku aliyetaga.

Mwaka huu wa 2015 Burundi ikachafuka tena. Watu wakaanza kumiminika kwa Mabamba, wengine kwa miguu, wengine wamebebana. Kambi ya Kibondo iliyokuwa imefungwa ikafunguliwa upya. Masista wakakusanya nguo, wakanituma nizipeleke na kusaidia kutafsiri, maana wagawaji wengi walitoka Dar es Salaam na Mwanza.

Nilikuwa nimekaa pembeni ya meza ya nguo, kijana mgawaji anauliza, mimi natafsiri. Foleni ilikuwa ndefu. Ikafika zamu ya mama mmoja mzima, ameshika mtoto wa kike wa miaka tisa. Nikainua macho.

Alikuwa Agnesi wangu!

Nilitaka kumuuliza amefikaje huku. Lile paji la uso, ile pua, lile jino la mbele lililopanda kidogo juu ya lenzake. Lakini Agnesi nilimwacha Kasulu asubuhi ile, amevaa sare. Huyu alikuwa pekupeku, na alinitazama kama mtu baki.

Mgawaji akampa gauni moja. Mtoto hakuondoka. Akanyoosha mkono tena. "Zibiri," akasema. Mawili.

Kijana akacheka. "Mwambie kila mtu moja. Mbona ana tamaa huyu?"

Nikamwambia. Mtoto akajibu bila woga kwamba yeye ni pacha, na yeye hapokei kitu kimoja. Kijana akauliza pacha mwenyewe yuko wapi, aje achukue la kwake. Nikatafsiri na hilo pia.

"Amezikwa Kasulu kwa masista," mtoto akasema. "Mama alimwachia gauni lake kaburini. Sasa amekua, lile litakuwa limembana."

Kijana alikuwa ananisubiri. "Anasemaje, mama?"

Nikasema, "Anasema pacha wake amekufa."

"Masikini. Lakini mwambie nguo ni za walio hai."

Nikamwambia. Nilimwambia, jamani! Mtoto akaikunja ile moja, akaitazama, akaniuliza mimi, si yule kijana, "Kwani yeye atavaa nini?"

Yule mama aliyekuwa naye alikuwa mama yake mdogo. Niliuliza habari za mama mzazi huku nimefunika nusu ya uso kwa kanga. Akanijibu kwamba dada yake alifariki mwaka jana. Aliporudi kutoka Kasulu alikuwa mtu wa kukaa kimya. Hakulia hata siku moja, alisema. Alikataa kulia kwa ajili ya huyu mtoto. Alikauka tu.

Sikumbuki nilivyorudi Kasulu. Nilifika nikampita Agnesi mlangoni, akanipokea mkoba, akaniuliza nimemletea nini. Nilikuwa na pipi mbili. Nikampa. Akamenya moja, ya pili akaitia mfukoni, akakimbia kucheza. Hakutaja jina la mtu. Nani alimfundisha kutotaja?

Niliketi kitandani nikitazama kile kibao msumarini. Kulikuwa na njia ya kunyamaza. Hakuna aliyejua. Mama amekufa, Sista alidanganyika, watoto wawili hawajui. Kambi ni kubwa. Ningeweza kuishi hivyo mpaka nizeeke nikiitwa mama. Lakini kila nikifumba macho nilisikia, kwani yeye atavaa nini?

Nikalitoa gauni chini ya sanduku, nikaenda ofisini kwa Sista, nikalitandaza mezani, pale pale alipoushika Mama Bukuru ule ukingo. Nikasema yote.

Sista hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Aliligusa lile gauni, akaniuliza, "Kwa nini hakulia?" Nikamweleza. Akavua miwani. Kisha akasema, "Nimekaa nanyi miaka hii yote, sijawahi kuuliza." Akainuka akaenda kanisani, na kesho yake tukapanda gari la shule, yeye, mimi na Agnesi.

Njiani Agnesi aliniuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia kuna ndugu yake Kibondo. Akaniuliza, "Ndugu yangu na wako?" Sista akaangalia dirishani.

Waliposimamishwa uso kwa uso penye hema, watu wa jirani walisogea kutazama. Mama mdogo alipiga ukelele, akarudi nyuma akijishika kifua, akidhani ameona mzimu. Bukuru hakurudi nyuma. Alimsogelea mwenzake, akamshika sikio, akamshika shavu, akaanza kusema haraka haraka, maneno yanamwagika.

Agnesi alisimama ameduwaa. Machozi yalimlenga. Akanigeukia mimi, kama alivyozoea.

"Mama, anasemaje?"

Niambieni, wasomaji, kama kuna adhabu kuliko ile! Watoto waliolala tumbo moja, uso mmoja, hawaelewani neno. Mmoja nilimnyang'anya lugha yake kwa kibao. Na mtu pekee wa kuwavusha ni mimi.

Safari hii nilivusha kila neno. "Anasema, 'Wewe ni Butoyi. Mimi ni Bukuru. Mama alisema umekufa. Nilikuwa naogopa usije ukaniita, halafu nikawa natamani uniite.'"

Agnesi akawaza. Akasema, "Mwambie sikufa. Mwambie nilikuwa shuleni tu."

Nikamwambia.

Bukuru akauliza, "Nani alimwonyesha mama kaburi?"

Nikatafsiri swali kwa Kiswahili, kwa sababu niliapa kuvusha kila kitu. Agnesi akarudia swali hilo hilo, "Ndiyo. Nani?"

Wote wawili wakanitazama, na macho yao yalikuwa yale yale.

Kwetu pacha hapewi kitu kimoja. Nikasema, "Ni mimi," kwa Kiswahili, nikimtazama Agnesi. Kisha nikasema tena kwa Kirundi, nikimtazama Bukuru. Kila mmoja nikampa la kwake.

Nilianguka chini nikalia kwa sauti kubwa. Nililia peke yangu. Wao hawakulia. Bukuru alikwenda ndani ya hema, akatoka na lile gauni alilopewa na wagawaji. Alikuwa hajalivaa hata siku moja. Akamwekea mwenzake kifuani kulipima. Mwenzake akaingiza mkono mfukoni, akatoa pipi moja iliyokuwa imebaki tangu juzi, akampa. Halafu akaniambia bila kunitazama, "Asante, matroni. Tutajifunza wenyewe."

Matroni. Nimestahili.

Sasa Butoyi yuko na mama yake mdogo na Bukuru. Sista huwapelekea madaftari, na amefuta adhabu ya kibao, ingawa kibao chenyewe niliondoka nacho mimi. Naishi Kibondo, nalima muhogo kwenye shamba la marehemu baba. Jioni nakula nimesimama. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo.

Nawasihi, ndugu zangu. Wewe uliyenyimwa mtoto, usimchukue wa mwenzako hata kama amekuita mama, maana jina hilo linarudishwa. Wewe unayemwonea haya bibi yako anaposema lugha yake mbele ya wageni, ona nilikofika. Na wewe uliyepewa neno la mtu asiyejua Kiswahili ulivushe upande wa pili, hospitalini, ofisini, kanisani, livushe zima. Huenda ndani yake kuna mtoto wa mtu.

Na nyie wakubwa mnaokaa nyuma ya meza, mkimwona mama asiyelia, muulizeni kwanza kwao wanaliaje.